Sura ya Saba: Omubirizi na Jibu la Hapana

Katika kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe, huhitaji kuuliza sana ili uonyeshwe omubirizi. Huota ukingoni mwa kibanja, pale migomba na mibuni inapoishia, na mara nyingi mwenye nyumba ameuruka makusudi wakati wa kupalilia. Majani yake yakipondwa na kulowekwa hutoa maji ya kijani yenye uchungu unaoganda kooni. Watu wa Kagera wameyanywa kwa homa, kwa minyoo, kwa tumbo linalosokota. Siku hizi wanayanywa pia kwa ajili ya sukari.

Wataalamu wa mimea wameuita Vernonia amygdalina kwa miaka mingi, kisha wakauhamishia jina la Gymnanthemum, jambo ambalo halijapunguza uchungu wake hata kidogo. Sifa yake haikuanzia kwa binadamu peke yao. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde, mtu aliyeijua misitu ile na dawa zake tangu ujana, walimfuatilia sokwe mtu jike aliyekuwa mgonjwa. Alivunja tawi la mti huu, akamenya ganda, akatafuna kiini na kumeza maji yake tu. Siku iliyofuata alikuwa na nguvu tena. Baadaye maabara za Japani zilichambua kiini hicho na kukuta kemikali zinazodhuru vimelea. Mti wetu, basi, una wasifu mzuri. Ila wasifu huo ni wa minyoo na homa. Kuuhamishia kwenye kisukari ni kuuombea kazi nyingine kabisa, na kazi mpya huhitaji usaili mpya.

Hoja inayotolewa vijijini ni fupi na ina mvuto: kisukari ni utamu uliozidi mwilini, na kinachoweza kuuondoa utamu ni uchungu. Ndiyo maana orodha ya dawa za kisukari katika Afrika Mashariki inaweza kusomwa kwa ulimi: omubirizi, mwarobaini, shubiri, karela, mlonge. Msomi anaweza kuicheka hoja hii, lakini asicheke haraka. Metformini, kidonge kinachotolewa kwa wagonjwa wengi zaidi wa kisukari duniani, ni chungu. Florizini, kemikali iliyotolewa kwenye gome la mizizi ya mtufaha mwaka 1835, ni chungu pia. Mwaka 1886 Josef von Mering alionyesha kwamba humfanya anayepewa atoe sukari kwenye mkojo, na kundi zima la vidonge vya kisasa vya kisukari limezaliwa kutokana na mfano wake. Kwinini nayo, ambayo hospitali za Kagera zimeitumia miaka mingi kwa malaria kali, huchochea kongosho kumwaga insulini, na daktari aliyeitumia anajua jinsi inavyoweza kushusha sukari ya mgonjwa hadi azimie.

Kwa hiyo uchungu umewahi kupatia. Tatizo ni kwamba haukupatia kwa sababu ya uchungu. Mimea hutengeneza kemikali chungu ili isiliwe, na kemikali inayomkera mdudu au mbuzi ina uwezekano wa kugusa kitu fulani ndani ya mwili wa mtu pia: ini, utumbo, moyo, kongosho. Inaweza kugusa kwa faida, au kwa hasara. Ulimi hauwezi kutofautisha.

Jambo lingine linalosemwa sana ni kwamba dawa hizi ni za kale, kwa hiyo zimeshajaribiwa na mababu. Hapa nina shaka, na shaka yangu ina chanzo. Mwaka 2009 Mainen Moshi wa Taasisi ya Tiba Asili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzake wakiwamo watafiti kutoka Uganda, walichapisha uchunguzi wao katika kata ya Bugabo, mkoa huu huu wa Kagera. Walikaa na waganga wa Kihaya na kuandika mimea 94. Mimea 30 kati yake ilikuwa ya malaria. Iliyofuata ilikuwa ya magonjwa ya ngozi, 19. Halafu matatizo ya uzazi na magonjwa ya zinaa, 14 kila kundi. Halafu magonjwa ya kifua, kisha homa ya manjano, malengelenge ya mdomo na vidonda vya tumbo. Kisukari hakimo miongoni mwa magonjwa yaliyoongoza. Hiyo ni Bugabo, upande wa ziwa. Chonyonyo ni nchi ya Wanyambo, na kila kijiji kina hazina yake. Hata hivyo picha inaeleweka. Hazina ya dawa ya watu hujengwa juu ya magonjwa yanayowasumbua, na kisukari hakikuwa kati ya hayo.

Hakikuwa kwa sababu kilikuwa adimu. Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili walipopima zaidi ya watu wazima 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1989, waliokutwa na kisukari hawakufika hata asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9 hivi. Vipimo na umri wa waliopimwa havikulingana, kwa hiyo tarakimu hizi mbili hazipaswi kuwekwa bega kwa bega kama matokeo ya mpira. Lakini hakuna tofauti ya vipimo inayoweza kumeza pengo lote hilo. Ndani ya kizazi kimoja ugonjwa wa mijini umepanda hadi kwenye vilima vya Karagwe, na watu wakaanza kuutafutia dawa katika kabati la dawa lililotengenezwa kwa magonjwa mengine.

(Kisukari hiki mara nyingi huandamana na unene, na Karagwe ina kumbukumbu yake ya unene, tena si ya aibu. John Hanning Speke alipofika katika ikulu ya Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 alistaajabu kuona wanawake wa ukoo wa kifalme walivyonyweshwa maziwa hadi wakashindwa kusimama, na kwa utovu wa adabu wa wasafiri wa zama zile alimpima mmoja wao mkono, paja na kifua kwa utepe. Unene ulikuwa heshima, na ulikuwa wa wachache wenye ng'ombe. Wakulima waliobaki walikula ndizi na maharage, na kupanda na kushuka vilima kutwa.)

Tuseme sasa tunataka kuujaribu omubirizi wa Chonyonyo kwa haki. Tunaanzia wapi?

Tunaanza na tawi. Tawi lenye maua hukatwa, hukaushwa likiwa limebanwa, hubandikwa kwenye karatasi ngumu na kuhifadhiwa kwenye hebariamu likiwa na tarehe, mahali na jina la aliyelikata. Kazi hii huonekana ya ukarani, na ndiyo ambayo watu wenye haraka huiruka. Bila tawi hilo, miaka kumi baadaye hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba dawa iliyopimwa ilitoka kwenye omubirizi na si kwenye ndugu yake wa karibu, na jenasi ya Vernonia ina ndugu wengi. Majani yenyewe hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye maji au kwenye spiriti, kisha huchujwa. Kimiminika hukaushwa polepole hadi ubaki utomvu mzito au unga wa kijani kibichi. Huo ndio mkamuo. Uchaguzi wa maji au spiriti si jambo dogo: kila kimoja hubeba kemikali tofauti kutoka kwenye jani. Bibi wa Chonyonyo anatumia maji. Maabara nyingi hutumia spiriti, kwa sababu inabeba vingi zaidi na haiozi upesi. Hapo tayari dawa iliyopimwa maabara si ile inayonywewa nyumbani.

Kabla ya panya kuna uduvi. Mayai ya uduvi wadogo wa maji chumvi, Artemia salina, huuzwa yakiwa makavu kama vumbi. Ukiyatia kwenye maji ya chumvi yanaanguliwa, na baada ya saa 24 za kukaa na mkamuo unahesabu waliokufa. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na hakihitaji mashine kubwa, na Muhimbili wamekitumia sana. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya kuipima kwa njia hiyo mimea kadhaa kutoka Kagera. Kinasema jambo moja tu: kama kuna sumu kali humo ndani. Hakisemi lolote kuhusu sukari.

Halafu panya, na hapa inabidi tusimame kidogo, maana habari nyingi za magazeti zenye vichwa vya “mti watibu kisukari” zinatoka kwenye hatua hii.

Panya wa maabara hana kisukari. Inabidi apewe. Njia ya kwanza iligunduliwa kwa bahati mjini Glasgow mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na John Shaw Dunn na wenzake waliokuwa wakichunguza jinsi figo zinavyokufa kwa watu waliobanwa na vifusi. Waliwadunga sungura kemikali mbalimbali; moja, aloksani, iliharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Miaka 20 baadaye ikapatikana nyingine, streptozotosini, dawa iliyotoka kwenye bakteria wa udongoni. Mpaka leo panya wengi wa utafiti wa kisukari hupewa mojawapo ya hizo mbili. Baada ya siku chache sukari yao hupanda, wanagawanywa makundi: kundi moja linapewa maji matupu, la pili linapewa kidonge kinachojulikana kama glibenklamidi, na mengine yanapewa mkamuo kwa viwango tofauti. Tone la damu huchukuliwa kwenye ncha ya mkia na kuwekwa kwenye kijiti cha kupimia, kama vile tunavyotobolewa kidole kliniki.

Kasoro inaonekana hata kwa asiye daktari. Panya huyu ameharibiwa kongosho kwa sumu ndani ya siku moja. Mama wa miaka 55 wa Karagwe mwenye kisukari cha aina ya pili hajaharibiwa kongosho. Kwa miaka mingi mwili wake umekuwa ukiisikiliza insulini kidogo kidogo, na kongosho limechoka kwa kuzidisha kazi. Ugonjwa una jina moja, mwili una hali mbili. Mfano mzuri upo kwenye mmea mwingine unaotambaa katika vibanja vya nchi za maziwa, Momordica foetida, unaoitwa orwihura. Mwaka 1977 watafiti wa Nigeria walichapisha majaribio ya foetidini, kitu kilichotolewa kwenye mmea huo. Sukari ilishuka kwa panya wazima waliofungishwa chakula. Kwa panya walioharibiwa kongosho kwa aloksani, haikushuka kwa kiasi cha maana. Ukiisoma nusu ya kwanza ya habari hiyo unapata dawa. Ukiisoma yote unapata swali.

Na kuna hesabu ya dozi, ambayo ningependa ifundishwe sekondari. Chukua mkamuo uliomsaidia panya kwa miligramu 500 kwa kila kilo ya uzito wake, kiwango cha kawaida kabisa katika tafiti hizi. Panya huchoma dawa haraka kuliko mtu, kwa hiyo wataalamu wa dawa hugawanya kwa 6 hivi wanapokadiria dozi ya binadamu. Tunapata kama miligramu 80 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 5 za mkamuo mkavu kwa siku. Kama gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za mkamuo, hizo ni gramu 50 za majani makavu. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, tunazungumzia robo kilo ya majani mabichi kila siku, maisha yote, kwa sababu kisukari hakiishi kwa dozi ya wiki. Anayekunywa nusu kikombe asubuhi hanywi dawa ambayo panya alipewa. Anakunywa sehemu yake ndogo sana, au, kama amejikaza akanywa yote, anakunywa kiasi ambacho ini lake halijawahi kuombwa kukibeba.

Tafiti za panya kuhusu omubirizi zipo nyingi, hasa kutoka Nigeria, ambako majani yake huoshwa na kupikwa kama mboga, na nyingi zinaonyesha sukari ikishuka. Sishangai. Ukiwapa panya wagonjwa mkamuo mzito wa karibu mmea wowote wenye kemikali kali, kuna uwezekano mzuri sukari itashuka. Pengine kwa sababu dawa inafanya kazi, pengine kwa sababu panya ameacha kula. Panya si mwisho wa safari. Mwisho wa safari ni mtu, na Tanzania iliwahi kufika huko.

Mmea ulikuwa Phyllanthus amarus, jani dogo linaloota lenyewe kando ya nyumba na njiani, na ambalo hubeba vitunda vyake vidogo chini ya kikonyo kama vishikizo vya nguo. Sifa zake zilikuwa kubwa. Mwaka 1995 watafiti wa India, Srividya na Periwal, walikuwa wamewapa watu tisa wenye shinikizo la damu, wanne kati yao wakiwa na kisukari pia, kwa siku kumi, na kuripoti kwamba sukari ilishuka. Mwaka 1997 Moshi na wenzake wakachapisha majaribio yao kwa sungura. Wengi wangeishia hapo, wakaandika kwamba matokeo yanatia moyo na tafiti zaidi zinahitajika, wakahamia kwenye mmea mwingine. Wao waliungana na madaktari wa kisukari wa Muhimbili, akiwamo Swai, na kuwaita wagonjwa.

Walikuwa 21, wote wenye kisukari cha aina ya pili, wote wakitumia vidonge. Jaribio lilipangwa kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa. Kwanza kila mgonjwa, akiwa kwenye vidonge vyake, alipimwa sukari kabla ya kula, akalishwa chapati laini za wastani wa gramu 124, kisha akapimwa tena kuona sukari inapanda kiasi gani. Baadaye vidonge vilisimamishwa kwa wiki moja ili vitoke mwilini, akarudi, akala chapati zile zile, akapimwa. Halafu kwa wiki moja akanywa, mara mbili kwa siku, mililita 100 za maji ya dawa yaliyotokana na gramu 12.5 za unga wa mmea. Mwisho wa wiki, chapati tena na vipimo tena. Ini na figo zilichunguzwa pia.

Jibu lilichapishwa mwaka 2001 katika jarida la kimataifa la utafiti wa tiba za mimea. Vidonge vilishusha sukari ya kabla na ya baada ya chakula. Mmea haukushusha yoyote kati ya hizo. Sukari ya wagonjwa ilibaki juu sana, kama ilivyokuwa baada ya wiki ya kukaa bila dawa. Ini na figo hazikuonyesha madhara ya maana. Waandishi hawakuzunguka: kwa wiki moja, maji ya mmea huu hayawezi kushusha sukari ya wagonjwa hawa.

Jaribio hilo lina mapungufu na ni halali kuyataja. Wiki moja ni fupi. Kipimo kinachotuonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hakiwezi kusogea kwa siku saba. Hapakuwa na kundi la kunywa maji ya kijani yasiyo na dawa. Watu 21 ni wachache. Lakini linganisha na watu tisa wa India, wanne tu wagonjwa wa kisukari, ambao ndio waliobeba sifa ya mmea huo duniani. Mpaka leo Phyllanthus huuzwa kama dawa ya sukari, na wanaoutangaza hutaja panya, sungura na India. Dar es Salaam hutajwa mara chache. Jibu la hapana halina mfanyabiashara wa kulitembeza.

Kwangu mimi, kazi ile ya 2001 ni mojawapo ya kazi za heshima zaidi zilizowahi kufanywa na watafiti wa tiba asili nchini, kwa sababu hiyo hiyo. Watu waliotumia miaka yao kuitetea tiba ya mimea mbele ya madaktari walioidharau walikubali kuandika, kwa majina yao, kwamba mmea huu hauwezi. Taasisi yao ilianzishwa mwaka 1974 kama kitengo kidogo cha utafiti wa dawa za asili. Kitengo cha namna hiyo kingeweza kwa urahisi kugeuka idara ya kusifia. Mwaka 2002 Moshi na Zakaria Mbwambo walichapisha kazi nyingine, ya kuwahoji waganga wenyewe kuhusu jinsi wanavyowahudumia wagonjwa wa kisukari. Kukanusha dawa moja hakukuwazuia kurudi kwa waganga kuuliza tena. Ndivyo utafiti unavyokwenda ukiwa mzima.

Miaka kumi baada ya jibu lile la 2001 nchi ilipata jaribio la namna nyingine. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, akiwa Samunge huko Loliondo, aliwapa watu kikombe kimoja cha dawa kwa Sh 500, akisema kinaponya magonjwa sugu, kisukari kikiwamo. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Watu walitoka kila kona ya nchi na nchi jirani. Dawa ilitokana na mugariga, jina la kienyeji la Carissa, kichaka chenye miiba na vitunda vyeusi ambavyo watoto wa nusu ya Afrika wamevila. Ajabu ni kwamba Carissa haikuwa mgeni maabara. Mwaka 1996 watafiti wa Misri waliripoti kwamba mkamuo wa majani yake ulishusha sukari ya panya waliopewa streptozotosini. Watetezi wa kikombe waliushika utafiti huo kwa mikono miwili. Ila ule ulikuwa wa majani, na mchungaji alichemsha mizizi. Ule ulikuwa wa dozi kila siku, na mchungaji alitoa kikombe mara moja maishani.

Kilichoniuma zaidi kuhusu Loliondo ni nafasi iliyopotea. Maelfu na maelfu ya watu walipita mahali pamoja, kwa dawa moja, kwa kipimo kimoja. Kijiti cha kupimia sukari kabla ya kikombe, na kingine wiki mbili baadaye kwenye kituo cha afya cha nyumbani, kwa mia chache tu ya wenye kisukari, kingetupa jibu lililo wazi kuliko miaka ya mabishano ya redioni. Badala yake tulibaki na simulizi: jirani aliyepona, shangazi aliyeacha insulini akafa. Mchungaji alifariki mwaka 2021, na mabishano hayajaisha.

Wanaoitetea mitishamba hukumbusha kwamba metformini nayo ilitokana na mmea, na wako sahihi. Galega officinalis, jani la malisho la Ulaya, lina kemikali inayoshusha sukari. Lakini kemikali hiyo ni sumu. Mifugo iliyokula Galega nyingi ilikufa. Wakemia walibadilisha umbo lake, metformini ikatengenezwa mwaka 1922, ikasahaulika, hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipoijaribu kwa wagonjwa na kuchapisha mwaka 1957. Marekani iliikubali mwaka 1994 tu. Ndugu yake wa karibu, fenformini, aliyeonekana na nguvu zaidi, aliondolewa sokoni katika nchi nyingi miaka ya 1970 baada ya kuua wagonjwa kwa kujaza asidi kwenye damu. Kwa hiyo mmea ulitoa dokezo, na kilichokuja kuwa dawa ya hospitali si chai ya mmea huo.

Jaribio la kweli la omubirizi kwa watu wa Karagwe lingehitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, mkamuo uliotengenezwa kwa maji kama unavyotengenezwa nyumbani, na wagonjwa wanaoendelea na vidonge vyao huku nusu yao wakiongezewa omubirizi na nusu kitu kichungu kisicho dawa, kwa miezi mitatu angalau. Lingehitaji pia makubaliano na walioanza kuutumia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002 imeunda baraza la kuwasajili waganga na kusimamia kazi yao. Haki ya kijiji juu ya maarifa ya jani ni mazungumzo mengine, na yafanyike kabla ya jani kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Yote hayo yanawezekana. Si ya bei ya roketi.

Wakati hayo hayajafanyika, watu wanaendelea kunywa, na wengi wanachanganya. Hapo ndipo pana hatari ya haraka kuliko zote. Mgonjwa anayemeza glibenklamidi asubuhi na kunywa omubirizi mchana anaweza kujikuta na vitu viwili vinavyoshusha sukari kwa pamoja. Kama ameshinda shambani bila kula, atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, na wanaomwona watadhani ni malaria au ni pombe ya rubisi. Hatari ya pili iko kwenye chupa zinazouzwa stendi zikiwa na maandishi ya “asilia kwa asilimia 100”. Singapore mwaka 2008 zaidi ya watu 100, wengi wao wanaume wasio na kisukari, walifikishwa hospitali sukari ikiwa imeanguka, na wanne wakafa. Walikuwa wametumia dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mimea. Ndani yake kulikuwa na glibenklamidi iliyotiwa kwa siri. Mtishamba unaoshusha sukari ndani ya saa mbili kwa kila anayeunywa unastahili kushukiwa kabla ya kusifiwa.

Kliniki ya kisukari inaweza kufanya jambo moja bila kusubiri utafiti wowote, na kinachokwamisha ni lugha tu. Mgonjwa akiulizwa kwa ukali kama anatumia dawa za kienyeji, atasema hapana, na daftari litaandikwa hapana. Akiulizwa, “Mama, majani unayokunywa nyumbani ni yapi, na unakunywa kikombe kamili au nusu?”, atasema. Muuguzi ataandika omubirizi, nusu kikombe, jioni, pembeni ya sukari ya asubuhi kabla ya chai. Vidonge visibadilishwe. Mwezi ujao aandike tena, na kama kipimo kimeshuka chini ya milimoli 4 kwa lita amwite daktari siku hiyo hiyo.